Kanuni ya saini milioni moja: Bunge linaweza kubadilisha nini, na wananchi waanzie wapi

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana kaunti ya Kilifi. Tunasikia mapendekezo kwamba kanuni za wananchi kurekebisha Katiba kwa kukusanya saini milioni 1 zibadilishwe. Wengine wanataka idadi ipandishwe, wengine wanataka kila kaunti itoe sehemu yake. Je, Bunge laweza kufanya hivyo kwa sheria ya kawaida? Na sisi tukitaka kanuni hizo zirekebishwe kwa manufaa ya raia, tuanzie wapi, na watu hukwama wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, idadi yenyewe Bunge haliwezi kuigusa peke yake. Lakini karibu kila kinachoizunguka idadi hiyo linaweza kukitungia sheria ya kawaida, na maumivu yenyewe yako hapo, wala si kwenye ile milioni.

Milioni 1 haimo katika sheria ya uchaguzi wala katika taratibu za IEBC, yaani Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Imo katika Kifungu cha 257(1) cha Katiba ya Kenya ya 2010, ndani ya Sura ya 16, na Sura hiyo imejifungia mlango kwa ndani. Kifungu cha 255(1) kinataja mambo 10 yasiyoguswa bila kura ya maamuzi, na la kumi ni Sura yenyewe ya 16. Ukitaka milioni iwe milioni mbili, au ishuke hadi laki tano, au uandike kwamba Lamu na Mandera nazo lazima zitoe saini zao, hapana budi Wakenya waitwe debeni. Bunge likipenyeza sharti la namna hiyo katika sheria ya kawaida, mtu yeyote anaweza kwenda kortini na Kifungu cha 2(4) mkononi: sheria inayopingana na Katiba ni batili kwa kadiri inavyopingana nayo.

Kura hiyo ina masharti mawili. Waliopiga kura wengi wao waseme ndiyo, na katika angalau nusu ya kaunti, yaani kaunti 24, asilimia 20 ya waliojiandikisha wawe wamepiga kura. Sharti hili la pili huwachanganya wengi. Linahesabu waliojitokeza, halihesabu waliokubali. Lamu ilikuwa na wapigakura wapatao 81,000 mwaka 2022. Wakijitokeza kama 16,300, kaunti hiyo imeshahesabika, hata kama wote wamesema hapana.

Kufika debeni kuna njia mbili. Moja ni ya Bunge, chini ya Kifungu cha 256: mswada unasomwa mara ya kwanza, unakaa siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili, kisha unahitaji thuluthi mbili ya wanachama wote wa kila Bunge katika kusomwa mara ya pili na mara ya tatu. Hao ni wabunge 233 na maseneta 45, na anayesusia kikao ni sawa na aliyepinga. Ukipita, na kwa kuwa unagusa Sura ya 16, Rais anaitaka IEBC iandae kura ya maamuzi ndani ya siku 90.

Nyingine ni ile ile ya 257. Mnatumia kanuni za sasa kuzibadilisha kanuni za sasa. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ukishaona mtambo unavyosaga ndipo utajua ni skrubu gani ya kubadilisha.

Katiba inaruhusu kuanza na wazo la jumla au na mswada ulioandikwa tayari. Ukianza na wazo, ni nyinyi waanzilishi mtakaoligeuza kuwa mswada. Ushauri wangu ni huu: msitembeze hata fomu moja kabla mswada haujafungwa neno kwa neno. Ile kesi ya BBI, mpango wa kurekebisha Katiba uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, iliyomalizika Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022, iliacha mafunzo mawili mnayopaswa kuyashika. Kwanza, Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia 257. Njia hiyo ni ya raia. Pili, jedwali lililogawa maeneobunge mapya 70 lilianguka kwa sababu umma haukushirikishwa juu yake. Kitu kikiongezwa baadaye, hata kama kina nia njema, ndicho kitakachowaangusha. Mahakama Kuu ilikuwa imesema pia mwaka 2021 kwamba mabunge ya kaunti na Bunge lenyewe hayawezi kubadilisha yaliyomo katika mswada wa wananchi. Kwa hiyo kosa la chapa mlilolifanya leo mtatembea nalo hadi debeni. BBI ilikumbwa na hilo pia: kamati ya pamoja ya Bunge iligundua kwamba nakala zilizorudi kutoka kaunti hazikuwa sawa zote, na siku nyingi zikapotea watu wakibishana ipi ndiyo halisi.

Na mswada uwe wa jambo moja. Swali la kama mambo mengi yanaweza kubebwa katika swali moja la kura ya maamuzi lilifika Mahakama ya Juu, ikasema wakati wake haujafika. Maana yake lingali wazi, na hakuna sababu nyinyi muwe wa kulijaribu.

Sasa saini. Hapa ndipo vikundi vingi vimezama. Okoa Kenya, kampeni ya muungano wa upinzani wa CORD, mwishoni mwa 2015 iliwasilisha saini takriban milioni 1.6. Machi 2016 IEBC ikatangaza kwamba zilizokubalika zilikuwa 891,598. Ni kama asilimia 55. Ukiichukua hasara hiyo kama kipimo, anayetaka milioni 1 safi akusanye angalau milioni 1.82, na mwenye busara alenge milioni 2. BBI iliripotiwa kupeleka zaidi ya milioni 4, na IEBC ikathibitisha waungaji mkono 1,140,845 Januari 2021. Punguza Mizigo, mswada wa wananchi wa Ekuru Aukot, kiongozi wa chama cha Thirdway Alliance, ilipita hatua hii Julai 2019 ikiwa na 1,222,541.

Saini huangukaje? Chukua ukurasa mmoja wa fomu wenye mistari 20. Mstari wa tatu, tarakimu moja ya kitambulisho imeandikwa vibaya, 1 inasomeka kama 7. Mstari wa saba, mtu ameandika jina analoitwa mtaani badala ya lile lililo kwenye kitambulisho. Mstari wa kumi hauna saini. Karani alikimbilia mtu mwingine. Wa kumi na mbili ni mtu mzima mwenye kitambulisho kabisa, ila hajajiandikisha kupiga kura. Wa kumi na tano alishasaini sokoni juma lililopita. Kuanzia wa kumi na saba hadi mwisho, mwandiko ni mmoja na kalamu ni moja: mtu amewasainia jamaa zake walio shambani. Hapo umebaki na mistari 11 kati ya 20, sawasawa na kiwango cha Okoa Kenya, na hakuna aliyekusudia kudanganya isipokuwa huyo wa mwisho, naye pengine aliona anawasaidia.

Dawa ni ya kikarani. Anayekusanya aombe kitambulisho, anakili namba yeye mwenyewe, amsomee mwenye kitambulisho kwa sauti, ndipo huyo asaini. Kila fomu iwe na namba yake na jina la aliyeikusanya, ili mkikuta fungu bovu mjue linatoka kwa nani. Wahimizeni watu wahakikishe kwanza kama wamo kwenye sajili ya wapigakura. Na fomu ziingizwe kwenye kompyuta kila wiki, msizirundike hadi mwisho. Hesabu ni rahisi: saini milioni 2 zikiingizwa kwa nusu dakika kila moja ni zaidi ya saa 16,600. Makarani 100 wakifanya kazi saa 8 kwa siku watachukua kama siku 21. Mkisubiri mwisho, hamtakuwa na siku hizo, wala fedha za kuwalipa.

Upande wa IEBC kuna tatizo ambalo hata mkusanye vizuri namna gani hamtalitatua. Sajili ya kielektroniki inahifadhi alama za vidole na picha za wapigakura. Haina vielelezo vya saini. Kwa hiyo Tume inaweza kuona kwamba jina na namba ya kitambulisho vinalingana na mpigakura halisi, lakini haiwezi kulinganisha saini na saini. Katika BBI ilichapisha orodha ili watu wajikague, na wapo waliolalamika kukuta majina yao ilhali hawakusaini popote. Juu ya hayo, Mahakama Kuu iliona kwamba taratibu ambazo Tume ilikuwa imejiandikia za ukaguzi hazikuwa na nguvu ya kisheria. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ina sehemu nzima kuhusu kura ya maamuzi, inayoeleza swali linavyotungwa na kamati za pande mbili zinavyoundwa, lakini ukusanyaji na ukaguzi wa saini haujapata sheria yake kamili. Miswada ya sheria ya kura ya maamuzi imewahi kufikishwa bungeni zaidi ya mara moja, ikaishia njiani.

Tena Katiba haikuiwekea Tume muda wa kumaliza ukaguzi. Kumbuka pia kwamba kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 nchi haikuwa na makamishna wa IEBC. Mtu angewasilisha saini zake katika kipindi hicho zingekaa kwenye makasha.

Baada ya IEBC, mswada unakwenda kwa mabunge yote 47 ya kaunti. Yana miezi 3. Yakikubali 24, unaingia Bunge la Kitaifa na Seneti, ambako wingi wa kawaida unatosha. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: Bunge moja likiukataa, mswada haufi. Unakwenda kwa wananchi kwenye kura ya maamuzi. Bunge ni lango dogo. Lango kubwa ni kaunti, kwa sababu bunge la kaunti likinyamaza miezi 3 ikaisha, ni sawa na kukataa, na hakuna wa kumkatia rufaa. Punguza Mizigo, iliyotaka wabunge washuke kutoka 416 hadi 147, ilifia hapo. BBI ilivuka kwa kishindo Februari 2021, katika kipindi kile kile ambacho wawakilishi wa wadi waliidhinishiwa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Kila mtu alijua kusoma alama hizo.

Kwa hiyo mnapopima mapendekezo ya kubadilisha kanuni, jiulizeni kila moja linabana lango lipi.

Kupandisha idadi. Wanaolitaka wana hoja ya hesabu. Mwaka 2010 sajili ilikuwa na wapigakura milioni 12.6, hivyo milioni 1 ilikuwa karibu asilimia 8 yao. Mwaka 2022 sajili ilifika 22,120,458, na milioni ile ile ikawa asilimia 4.5. Kurudisha uzito wa 2010 kungehitaji saini kama milioni 1.76. Ikibidi kubadilisha, afadhali iandikwe asilimia kuliko idadi isiyokua, na asilimia 5 ingewaacha karibu na hapo mlipo. Lakini ukiangalia waliokwama, hakuna aliyekwama kwa sababu milioni ilikuwa ndogo. Kupandisha idadi kunamnyima nafasi asiye na pesa. Mwenye vyama viwili vikubwa nyuma yake hatatikisika.

Kugawanya saini kwa kaunti ni wazo lenye mantiki zaidi, na Katiba yetu yenyewe inalijua. Mgombea urais anadhaminiwa na wapigakura wasiopungua 2,000 kutoka kila moja ya kaunti zilizo zaidi ya nusu. Kwa upande wa 257 hakuna sharti hilo: Nairobi peke yake ina wapigakura zaidi ya milioni 2.4, Kiambu zaidi ya milioni 1.2, na kinadharia kaunti moja ingeweza kutoa milioni yote. Hatari iko katika namna sharti linavyoandikwa. Ukisema kaunti 24, umesambaza. Ukisema kaunti zote 47, umeipa kaunti moja kura ya turufu.

Wamarekani wa jimbo la Ohio waliletewa jambo hilo hilo tarehe 8 Agosti 2023. Jimbo lina kaunti 88, na kanuni ilitaka saini kutoka 44. Wabunge wa jimbo wakapendekeza zote 88, marekebisho yapite kwa asilimia 60 badala ya wingi wa kawaida, na zile siku 10 za kujazia saini zilizopungua zifutwe. Wapigakura walikataa, kama asilimia 57 kwa 43. Wengi walikuwa wameshaona kwamba Novemba ile ile ilikuwa na kura ya haki ya kutoa mimba, na kizingiti kilikuwa kinainuliwa ili hiyo isipite. Ilipita, kwa karibu asilimia 57, kiwango ambacho kingeshindwa chini ya kanuni mpya. Jimbo la Florida lilitangulia kupandisha kizingiti: tangu 2006 linadai asilimia 60, na kichekesho ni kwamba badiliko hilo lenyewe lilipata chini ya 60. Mwaka 2024 pendekezo la kutoa mimba lilipata kama asilimia 57 huko likaanguka. Asilimia ile ile, majimbo mawili, matokeo mawili. Mtu akiwaletea badiliko la kanuni, angalieni kalenda: ni hoja gani iko njiani?

Zile siku 10 za Ohio zingefaa sana kwetu. Okoa Kenya haikuambiwa irudi na saini zilizokosekana, iliambiwa imeshindwa. Kuweka muda wa kujazia hakuhitaji kubadilisha Katiba hata nukta. Wala kuweka kikomo cha siku za ukaguzi, fomu moja rasmi yenye namba, sampuli ya waliosaini wapigiwe simu waulizwe kama kweli walisaini, njia ya mtu kuondoa jina lake, na nakala moja ya mswada iliyopigwa mhuri wa IEBC ili ndiyo iende kaunti zote. Muda wa kukusanya saini pia haumo katika Katiba. Uswisi wanatoa miezi 18 kwa saini 100,000. Hapa ningekuwa mwangalifu, maana kikomo kifupi mno kortini kitaonekana kuwa ni kizingiti kipya kilichovaa kanzu ya utaratibu. Jambo lingine ni kuwadai waanzilishi waeleze fedha zinatoka wapi. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013 ipo kwenye vitabu, kuitumia ndiko kumeshindikana.

Kosa la bunge la kaunti kunyamaza miezi 3 haliwezi kufutwa kwa sheria ya kawaida, kwa kuwa muda na idadi vimeandikwa katika 257 yenyewe. Lakini kulilazimisha lipige kura ya wazi, kila mwakilishi jina lake na jibu lake, na kutoa sababu kwa maandishi, hilo linawezekana.

Kwa kikundi chenu, basi, msianze na milioni. Anzeni na Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Utaratibu wake uko katika sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge, na haudai idadi ya saini. Hata mtu mmoja anatosha. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, likielekezwa kwa Bunge la Kitaifa au Seneti. Elezeni tatizo, elezeni mmefanya juhudi gani kulipeleka kwa ofisi inayohusika, hivyo iandikieni IEBC kwanza na mhifadhi nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa. Semeni wazi kama jambo hilo liko kortini au la. Mwisho, tajeni kinachoombwa kwa maneno yanayoweza kuingia katika mswada: si “ukaguzi uboreshwe” bali “Tume ikamilishe ukaguzi ndani ya siku 60, na waanzilishi wapewe siku 14 kujazia pungufu”. Kila anayesaini aweke jina, anwani, namba ya kitambulisho na saini au alama ya kidole gumba. Likabidhiwe kwa Karani wa Bunge husika, au mbunge wenu aliwasilishe kwa niaba yenu, ila yeye asiwe miongoni mwa waliolisaini.

Seneti ningeipendelea kwa ombi hili, maana nusu ya kazi yenyewe inafanyika katika mabunge ya kaunti. Na mkifika mbele ya kamati, bebeni fomu moja iliyojazwa mistari 20, kama ile niliyoieleza hapo juu, na kalamu nyekundu.